Hatua Thelathini hadi Chooni

Wewe uliyelala chali sasa hivi, unayetazama dari kwa kuwa kugeuka huwezi, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sikusoma sana. Nilifika darasa la nne, nikaolewa. Majina ya mifupa siyajui na sitajifanya nayajua. Ninachokijua ni namna siku zinavyokwenda mtu akivunjika nyonga, maana yangu ilivunjika mahali pawili, na leo naandika nikiwa kwenye kiti nyumbani kwangu Mpapura, ambako wengi walisema sitarudi.

Mimi ni Somoe binti Likwena. Nilianguka wakati wa mabibo. Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka, na mabibo yakilala siku mbili tatu chini ya mkorosho yanaoza, yanateleza kama bamia. Toka mtoto naokota korosho, na toka mtoto naambiwa tazama unapokanyaga. Asubuhi ile sikutazama. Miguu ilikwenda mbele, nikakaa juu ya mzizi. Wala siwezi kusema nilianguka. Nilikaa, ila nilikaa kama mtu aliyevutwa na ardhi. Sikusikia kitu kukatika. Nilisikia baridi kiunoni, halafu miguu ikakataa amri.

Majirani walinibeba kwa mkeka. Wakasema ni misuli, wakachemsha maji na majani ya mkwaju, wakanikanda kama mzazi aliyetoka kujifungua. Siku tatu. Walifanya kwa mapenzi na siwalaumu, lakini kila walipobonyeza niliona nyota mchana. Wewe usikubali kukandwa kabla hujapigwa picha. Siku ya nne binti yangu Zainabu alikuja kutoka Mtwara mjini, akanitazama usoni, hata kiuno hakukigusa, akasema, "Mama, hii si misuli." Akaenda kutafuta gari.

Hospitali walinipiga picha. Daktari akaishika kwenye mwanga, akanionesha mistari miwili myembamba, kama nyufa za chungu. Akasema, "Bibi, hatukupasui. Mfupa utajiunga wenyewe. Kwa sasa kazi yako ni kupumzika, baadaye kazi yako itakuwa kuamka." La kupumzika nililisikia. La kuamka lilinipita.

Wodini upande wetu tulikuwa wanne. Bi Asha wa Nanguruwe, Mwanahawa wa Msimbati, na msichana wa Kimakua, Rehema, aliyeangushwa na pikipiki. Nawataja kwa sababu walinisikia nikilia na hawakuniuliza kitu. Nesi alikuwa Tunu. Yeye ndiye aliyekuwa akinigeuza mgongo usitoke vidonda, na kila kabla ya kunigusa alisugua viganja vyake mpaka vikapata joto. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nimesahau maumivu mengi ya wodini, lakini viganja vya Tunu sijavisahau.

Kabla sijaruhusiwa alikuja kijana wa mazoezi ya viungo. Jina lake Elia, mtu wa Mbeya, mrefu, ana msalaba mdogo shingoni. Akaniamkia kwa adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, nakufundisha mazoezi ya kitandani. Ukiyafanya asubuhi na jioni, utatembea. Usipoyafanya, mfupa utaunga lakini miguu itasahau kazi. Sasa kunja magoti, hivi. Halafu nyanyua kiuno juu. Kiache hapo, hesabu mpaka tano, shusha taratibu. Ukizoea, utakisukuma kulia, utakisukuma kushoto."

Nikamtazama. Nikatazama dari.

Hapa inabidi niseme jambo, la sivyo hutanielewa. Mimi ni kungwi. Mabinti wa Mpapura na vijiji vya jirani nimewacheza unyago mimi, mama zao wengine nimewacheza mimi vilevile. Kitu ambacho Elia alikuwa akiniagiza nikifanye mbele yake, mchana, na pazia halikufika mwisho, ni kitu tunachofundishana wanawake ndani, mwanamume hapiti hata karibu na uwanja. Nyimbo zake sitaziandika hapa. Na sasa kijana wa rika la mjukuu wangu, ambaye kwao hata hawachezi unyago, ananifundisha mimi kunyanyua kiuno.

"Umeelewa, bibi?"

"Nimeelewa, mwanangu."

"Basi jaribu nikuone."

"Leo kinauma. Nitafanya nyumbani."

Hilo ndilo kosa langu, na limenigharimu wiki nyingi za mvua. Sikufanya.

Mvua za kwanza zilinikuta kwa Zainabu, mjini. Alinipa chumba chake, yeye akahamia kwa watoto. Kitanda kilikuwa ukutani, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Zainabu anauza vitumbua sokoni, anaondoka alfajiri, watoto wanakwenda shule. Ananiachia chai kwenye chupa, muhogo uliochemshwa, chombo cha haja chini ya kitanda na simu kwenye mto. Mlango anaurudishia. Basi hapo mpaka alasiri mimi na ule ukuta.

Watu wamezoea kusema ugonjwa ni maumivu. Maumivu yana dawa, unameza, yanakwenda kando kidogo. Kilichonila mimi ni ule muda kati ya adhuhuri na alasiri. Kijijini mtu hawezi kukaa saa nzima bila kusikia mtu akibisha hodi, hata kama amekuja kuomba chumvi tu. Mjini niliwasikia watu siku nzima, nikajua yupi anakohoa, yupi anagombana na mumewe, yupi redio yake ina betri mbovu, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba upande wa pili wa ukuta nipo. Adhana ikilia nilisali nikiwa nimelala, kwa ishara za kichwa. Nilikuwa namwomba Mungu radhi kwa kumsalia kwa kichwa tu, halafu nikawa namwomba aniletee mtu. Yeyote.

Mwili nao ulikuwa unaniaga. Mapaja yalinywea mpaka ngozi ikawa inaning'inia kama nguo ya mtu mwingine. Zainabu alininyoa nywele ili kichwa kisije kikawasha. Nikajigusa, nikaona ni kichwa cha mama yangu siku alipokufa.

Siku moja mwanangu Hamisi alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Zainabu akaiweka sauti kubwa.

"Mama, mvua zikikatika nakuja kukuchukua. Huku kuna choo ndani kwa ndani, cha kukaa. Kuna wajukuu."

"Na nyumba yangu?"

"Nyumba ni matofali tu, mama."

"Yangu ni ya udongo."

Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Mama, Mpapura utakaa na nani? Hata chooni huwezi kwenda."

Kwetu nyumba hufuata upande wa mama. Ile niliachiwa na mama yangu, naye aliachiwa na mama yake. Nimezalia humo, na mama amefia humo. Mwanamke akiihama nyumba ya namna hiyo, mchwa wanajua kabla ya majirani. Nikajua nikipanda basi la Dar es Salaam, nitarudi nikiwa nimelazwa chali tena, na safari hiyo nitakuwa kwenye sanda.

Nikamwambia, "Ukija ukanikuta nakwenda chooni na kurudi mwenyewe, je?"

"Bila kushikwa na mtu?"

"Bila kushikwa."

"Basi nitakupeleka Mpapura mimi mwenyewe. Usipoweza, tunapanda basi, mama, na usinililie."

"Sitakulilia."

Choo cha Zainabu kipo uani. Alinihesabia yeye: kutoka kitandani ni hatua thelathini. Wakati ule nilikuwa sijaenda hata moja.

Utadhani basi niliamka siku hiyohiyo nikafanya mazoezi. Sikufanya. Nilikuwa natamani kutembea, na nilikuwa naona haya, na haya ilikuwa na nguvu kuliko hamu. Hata nikiwa peke yangu, nikikunja magoti tu namwona Elia amesimama anahesabu. Nayateremsha. Kila wiki mbili Zainabu ananipeleka kliniki, Elia ananiuliza.

"Bibi, unafanya mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

Anabonyeza paja langu kwa vidole viwili. "Paja linaniambia kingine."

"Paja limezeeka, mwanangu. Linasema ovyo."

Zainabu aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ile jioni chombo cha haja kilipopinduka kitandani, alikuwa ametoka sokoni, hajala. Akaondoa shuka, akanifuta, akaanza kusugua godoro. Katikati ya kusugua akaacha.

"Mama, mazoezi unafanya kweli?"

"Nafanya."

"Mbona hata kukaa hukai?"

Badala ya kusema kweli nikasema, "Mimi nilikufuta wewe miaka mingapi?"

Akanitazama. "Kumbe ulikuwa unanihesabia."

Akamaliza kusugua, akatoka. Siku mbili hatukuzungumza zaidi ya shikamoo na marahaba. Katika siku zangu zote za ugonjwa, hakuna zilizokuwa na ukimya kama hizo mbili, ingawa nyumba ilikuwa na watu.

Mahindi ya watu yalipokuwa yamefika magotini, nilikwenda kliniki tena. Pale kuna benchi refu la kusubiri, nasi tuliokuja kwa viti vya magurudumu tunapangwa mwisho wake. Kando yangu alikaa mwanamke wa umri wangu, ana gongo moja. Tukasabahiana. Jina lake Fatu, wa Kitaya, kule mtoni. Wazee wake walivuka kutoka ng'ambo, Msumbiji. Bajaji ilipinduka naye, nyonga ikavunjika kama yangu, na muda wake ulikuwa sawa na wangu. Lakini yeye alikuwa anasimama.

"Wewe ulipewa dawa gani?" nikamuuliza.

"Dawa gani? Vile vya kitandani."

Sikujibu.

Akanitazama vizuri. Chale za usoni mwake zilikuwa kama za mama yangu. Akaniinamia sikioni. "Wewe ni kungwi."

"Umejuaje?"

"Nami ni kungwi. Na nimeona ulivyonyamaza." Akaanza kucheka, anacheka kwa mabega tu, mkono mdomoni. "Usiniambie, mwenzangu. Umekataa kumchezea kiuno yule kijana wa Mbeya."

Nikacheka, nyonga ikauma, nikaendelea kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mabibo.

"Ni mtoto wa kiume, Fatu."

"Ni mtoto wa kiume, sawa. Nyonga ni ya nani? Tumewafundisha wangapi, Somoe, tukawaambia kiuno kisicholala ndicho kinachozaa vizuri, ndicho kinachozeeka vizuri? Leo tunaambiwa fanyeni, tunajifanya hatukijui. Yule kijana hajakufundisha kitu, amekukumbusha tu. Ngoma ina wenyewe, na wenyewe ni sisi."

"Kwa hiyo ulimfanyia mbele yake?"

"Nilimwambia ageuke."

Nilipoitwa, niliingia nikamwambia Zainabu atusubiri nje. Kisha nikasema, "Elia, mwanangu, nilikudanganya. Sijafanya hata siku moja."

Nilitegemea anigombeze. Akavuta kigoda, akakaa ili macho yetu yawe sawa. "Kwa nini, bibi?"

"Kwa sababu huko kwetu hayo ni ya ndani."

Akafikiri. Sijui alichokielewa, na hakuuliza zaidi, Mungu ambariki kwa kutouliza. Akasimama, akageukia ukuta kabisa, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. "Fanya, bibi. Mimi nahesabu. Moja, mbili, tatu—"

"Usihesabu. Hesabu yako haina mdundo."

"Basi hesabu mwenyewe."

Nikapiga vidole kwenye kitanda, taratibu, ule mdundo tunaoanzia. Nikanyanyua. Kilinyanyuka kiasi cha kupitisha kiganja, kikatetemeka, kikashuka. Machozi yalinitoka, ya maumivu na ya kingine. Elia akauliza akiwa bado ukutani, "Kimeenda?"

"Kimekwenda kidogo."

"Kidogo ndicho nilichokuwa nakitafuta mwezi wote huu."

Jioni ile nilimwambia Zainabu kweli yote. Alikuja na bakuli la uji, akakaa ukingoni mwa kitanda, tukanywa sote wawili kwa kijiko kimoja.

Tangu hapo ule muda kati ya adhuhuri na alasiri ukapata kazi. Mlango namwomba Zainabu autie komeo dogo kwa nje anapoondoka, na mimi nalala chali napiga mdundo kwenye godoro. Naimba moyoni. Kulia, kushoto. Niliwakumbuka wali wangu, mabinti niliowacheza, mmoja mmoja, kwa majina, nikawa naifanya kila zamu kwa jina la mmoja: hii ya Mwajuma, hii ya Esha, hii ya Sofia binti Chande. Nilikuwa nimewacheza wengi, kwa hiyo mazoezi yalikuwa marefu. Mpweke nilikuwa palepale, sitakudanganya, majina hayajibu. Lakini yalikuwa yananisubiri mpaka nimalize.

Wiki ya tatu nilikaa mwenyewe. Wiki ya tano nilisimama na chuma cha miguu minne, kile wanachokiita waka. Siku niliyofika mlango wa nyuma niliona uani kwa mara ya kwanza: ndoo, mpapai, kamba ya nguo, kuku wa jirani. Nilisimama pale mpaka miguu ikatetemeka. Hatua kumi na moja.

Fatu sikumwona tena. Kliniki iliyofuata nafasi yake benchini alikuwa amekaa mtu mwingine. Nikasema labda mto umejaa, njia ya Kitaya imekatika. Iliyofuata pia hakuja. Namba aliyonipa nikaipiga, akapokea mwanamke, akaniuliza mimi nani, nikasema Somoe wa benchi la mazoezi. Akasema, "Mama alikwenda Newala kwa dada, presha ikampanda, tumemzika huko." Akasema na pole. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia Fatu nimefika hatua kumi na nane. Sikuwa na mwingine wa kumwambia ambaye angejua maana yake. Nikakaa na simu mkononi. Halafu nikalala chali, nikafanya zamu moja kwa jina lake, kisha nyingine, mpaka jasho likanitoka.

Mvua zikakatika. Watu wakaanza kufyeka chini ya mikorosho. Hamisi akaja.

Alikuja na begi kubwa tupu. Niliona alivyolitua chini, lilikuwa jepesi. Akanisalimia, akanishika mashavu, akamtazama dada yake kana kwamba anasema, mbona hukuniambia amekonda hivi. Chai ikaletwa. Aliinywa haraka.

"Mama, ile ahadi yetu. Tunaweza kuiacha. Sikulazimishi ujionyeshe."

"Chukua hilo gongo uniletee."

Nilikuwa nimeacha chuma wiki moja kabla, natumia gongo la mti. Nikanyanyuka. Zainabu akasimama mlangoni akishika khanga yake kwa mikono miwili. Hamisi akanifuata nyuma kwa nyuma, mikono wazi kama anayefukuza kuku.

"Usinishike."

"Sikushiki."

"Kivuli chako kinanishika. Rudi nyuma."

Akarudi. Uani kuna mchanga, gongo linazama, inabidi ulichomoe kila hatua. Nilipofika kwenye mpapai pumzi iliisha nikasimama, nikamsikia Hamisi anavuta hewa nyuma yangu, na Zainabu akamwambia kwa sauti ya chini, "Muache." Nikaendelea. Chooni seremala alikuwa amenitengenezea kigoda chenye tundu, maana kuchuchumaa siwezi na sitaweza tena. Nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa. Nilikaa muda mrefu kidogo kuliko haja yenyewe.

"Mama, upo?"

"Nipo. Nyamaza."

Nikarudi. Nilipofika kitandani nilimtazama nikitegemea uso wa mtu aliyeshindwa. Hamisi alikuwa analia, mtu mzima ana mvi za kidevuni. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa nimeshapaka chumba chako rangi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuja kunichukua kwa sababu siwezi. Alikuja kwa sababu alinitaka. Sikuwa nimeliwaza hilo hata siku moja. Miezi yote nimelala pale nikidhani mpweke ni mimi tu.

Lakini ahadi ni ahadi. Alinileta Mpapura. Alikaa siku nne, akaziba paa, akapigilia mti kando ya njia ya chooni ili nishikilie, akaondoka na begi lake likiwa bado tupu.

Sasa kukwambia kweli wewe uliyelala: nimepata nilichokitaka, na nyumba ni kimya. Majirani huja, lakini kila mtu ana shamba lake. Sakafuni siwezi kukaa, kwa hiyo ngomani siongozi tena; hukaa kwenye kiti pembeni na wengine wanafanya nilichowafundisha. Baridi ikija nyonga inauma kabla sijaamka. Hamisi hupiga simu kila Ijumaa, nami sasa humuuliza yeye amekula nini, anakaa na nani. Zamani nilikuwa simuulizi.

Fanya mazoezi. Kama unaona haya, mwambie mtu akugeuzie mgongo, wapo watakaokubali. Usimdanganye anayekufuta.

Hapa kwangu choo kiko mbali zaidi ya pale mjini. Kuna siku, mchana ule wa kati, nanyanyuka nachukua gongo, nakwenda taratibu mpaka nafika, nashika mlango, halafu nageuka narudi. Sina haja. Nakwenda tu kwa kuwa naweza.